Aliyegongwa kichwa: nani aamue kama anaendelea kucheza?

Kwenye Kombe la Dunia la 2014, goti la Raheem Sterling wa Uingereza lilimgonga kichwani beki wa Uruguay, Álvaro Pereira, akazimia. Daktari wa timu akaashiria abadilishwe. Pereira alipozinduka alimfokea daktari, akagoma kutoka, akacheza hadi mwisho. Wiki chache baadaye, kwenye fainali, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa na bega la Ezequiel Garay dakika ya 17 na kuendelea hadi dakika ya 31. Refa Nicola Rizzoli alisimulia kwamba Kramer alimfuata kumuuliza kama ile ndiyo fainali.

Wanaotetea uhuru wa mchezaji wana hoja nzito. Mwili ni wake. Anadungwa ganzi ya kifundo cha mguu na kuingia uwanjani, wala hakuna anayepiga kelele. Bondia ndiyo kabisa, analipwa kwa kazi ya kupigana ngumi za kichwa. Isitoshe, kuumwa kichwa, kuumizwa macho na mwanga na kujihisi kama yuko kwenye ukungu ni mambo anayoyajua yeye peke yake. Ukimnyang'anya uamuzi, atakuficha dalili.

Lakini kifundo kilichoteguka hakiamui chochote. Ubongo ukitikisika, potasiamu humwagika nje ya seli na kalsiamu huingia ndani. Seli huhitaji sukari nyingi kurudisha mizani, na wakati huohuo damu inayoufikia ubongo hupungua. Picha ya CT, ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa, mara nyingi hutoka safi. Wengi hawazimii hata kidogo. Kinachoyumba mapema ni kumbukumbu ya karibuni, wepesi wa kufikiri na uwezo wa kupima hatari, yaani vyombo vilevile anavyohitaji ili aamue. Tena dalili nyingine huchelewa kwa saa kadhaa au hadi kesho yake. Kwa hiyo “niko fiti” ya dakika ya 20 inaweza kusemwa kwa moyo mweupe na bado isimwambie daktari kitu kuhusu jioni.

Gharama ya kung'ang'ania imepimwa. Utafiti uliochapishwa Marekani 2016 juu ya wanamichezo wa miaka 12 hadi 19 ulikuta waliotolewa papo hapo walipona kwa wastani wa siku 22, na walioendelea kucheza siku 44. Mara chache huwa vibaya zaidi: Ireland Kaskazini, 2011, mvulana wa miaka 14 aligongwa zaidi ya mara moja katika mechi moja ya raga ya shule, akafariki.

Raga ya kulipwa imejibu kwa kumtoa mchezaji kwa dakika 12, nafasi yake ikishikwa na wa akiba. Huko nje ya uwanja anaulizwa: uwanja gani huu, kipindi cha ngapi, nani kafunga mwisho, wiki iliyopita mlicheza na nani, mlishinda? Anakumbuka orodha ya maneno, anataja namba kinyumenyume, anatembea kisigino kwa kidole. Matokeo hulinganishwa na ya kabla ya msimu, na hapo ndipo ujanja huingia: wapo wanaofanya vibaya makusudi mwanzoni ili baadaye wasikamatwe. Ndiyo maana aliyezimia au kupepesuka hapimwi, anatoka moja kwa moja. Mpira wa miguu uko nyuma. Badiliko lake la ziada kwa aliyegongwa kichwa ni la kudumu, aliyetoka harudi tena, kwa hiyo daktari anaamua kwa dakika chache uwanja mzima ukimzomea.

Uamuzi wa pili ni wa maisha ya mchezo, na huo unachanganywa mno na huu wa leo. Chris Borland aliacha mpira wa Marekani (American football) 2015 akiwa na miaka 24. Tua Tagovailoa wa mchezo huohuo, baada ya kugongwa tena 2024, alichagua kurudi. Wote wawili walikuwa watu wazima, siku zimepita, kichwa kimetulia. Sioni daktari ana haki gani ya kuwaamulia, mradi waambiwe ukweli wote, pamoja na kwamba ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na mapigo ya miaka mingi bado huthibitishwa baada ya kifo tu. Mtoto hana uhuru huo.

Viwanja vyetu vingi havina daktari. Kuna chupa ya maji na kocha mwenye haraka. Hapo kipimo hakina maana: akishukiwa tu, atoke na asirudi siku hiyo. Asiachwe peke yake, asiendeshe pikipiki. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, maumivu yakizidi, shingo ikiuma au usingizi ukawa mzito, hospitali. Siku moja au mbili za mwanzo apunguze shughuli, kisha baiskeli taratibu, mbio, mazoezi bila kugusana, ruhusa ya daktari, kugusana, ndipo mechi. Kila hatua angalau saa 24, na kwa raga ya ridhaa si kabla ya siku ya 21.

Siku 21 hizo ndizo zinazofanya watu wanyamaze. Mchezaji anayeishi kwa posho ya mechi atasema kichwa hakimuumi, na klabu inayotaka aseme kweli itabidi imlipe posho hiyo akiwa jukwaani.