Dawa ya shinikizo la mapafu isihukumiwe kwa mita tu

Majaribio mengi ya dawa za shinikizo la damu kwenye ateri za mapafu yameegemea swali moja: mgonjwa anatembea umbali gani kwa dakika 6? Kipimo ni rahisi, hakina sindano, na sioni sababu ya kukitupa. Ninachopinga ni kukifanya hakimu pekee.

Mita hupotosha. Ukumbi uwe na urefu wa mita 30. Ukiwa mfupi, mgonjwa hupoteza muda akigeuka. Mpimaji akitembea sambamba naye, humwongezea mwendo bila kukusudia. Mara ya pili watu hufika mbali zaidi kwa sababu tu wamezoea, hivyo jaribio la kuzoea lifanywe kabla ya dozi ya kwanza. Na aliyeanza na mita 500 hana nafasi kubwa ya kuongeza, hata dawa iwe nzuri vipi.

Katheta ya moyo wa kulia, yaani mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni kupima shinikizo, nayo ina mitego yake. Tuseme shinikizo la wastani kwenye ateri ya mapafu ni 50, la upande wa kushoto wa moyo ni 10, na moyo unasukuma lita 4 kwa dakika. Ukinzani wa mishipa ni 50 toa 10, yaani 40, gawanya kwa 4: uniti 10. Baada ya wiki 24 shinikizo limeshuka hadi 40. Shangwe! Kumbe moyo sasa unasukuma lita 3, na 40 toa 10, yaani 30, gawanya kwa 3 ni 10 ileile. Mishipa haijalegea, moyo ndio umechoka. Ripoti inayotaja shinikizo bila mtiririko wa damu naisoma kwa shaka.

Sotatercept, dawa ya ugonjwa huu, ilipitia njia ninayoitaka. Jaribio la STELLAR, 2023: wagonjwa 323, wote wakiendelea na dawa zao za kawaida, wiki 24, tofauti ya takriban mita 41 za kutembea dhidi ya plasebo (dawa bandia). Kisha jaribio la ZENITH likauliza swali zito zaidi: nani amekufa, amepandikizwa mapafu au amelazwa saa 24 au zaidi? Lilisimamishwa mapema kwa kuwa faida ilikuwa dhahiri. Kwa wagonjwa waliokuwa kwenye plasebo ni haki, ila majaribio yanayokatizwa hivyo huwa na mwelekeo wa kukuza ukubwa wa faida, na madhara ya muda mrefu hubaki kufuatiliwa baadaye: hemoglobini kupanda, chembe sahani (zinazogandisha damu) kushuka, damu kutoka puani.