Bosi wa kati kapigwa panga, sasa nani atakuona?

Hakuna anayemlilia meneja. Developa, yule anayeandika programu, akipunguzwa kazini watu wanasikitika, dada wa mapokezi akipunguzwa watu wanapitisha mchango, ila meneja wa kati, yule aliyekaa kati ya mafundi na wakubwa, akipigwa panga utasikia tu "kwani alikuwa anafanya nini?" Swali lenyewe si la kijinga na nitalirudia. Ninachoona ni kwamba miaka hii kampuni za teknolojia zimelijibu haraka mno, na sisi huku tunaiga jibu bila kuangalia hesabu.

Tuanze na wenye panga, maana nao wana hoja. Machi 2023 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba Meta, wale wenye Facebook, inapunguza watu wengine kama 10,000, na hapo machozi ya wale zaidi ya 11,000 wa Novemba 2022 hayajakauka, akauita mwaka wa ufanisi, akasema ngazi zipungue na mameneja wengi wawe watendaji wasiosimamia mtu, kwa mainjinia maana yake kurudi kuandika kodi (zile amri za kompyuta, si ile ya TRA). Septemba 2024 Andy Jassy, mkuu wa Amazon, naye akawaandikia wafanyakazi wake barua, wengi wanaikumbuka kwa sababu ndo iliyowarudisha watu ofisini siku tano, lakini humo humo kulikuwa na agizo lingine, kila kitengo kiongeze uwiano wa watendaji kwa mameneja kwa asilimia 15 au zaidi, mwisho robo ya kwanza ya 2025. Jassy alilalamikia vikao vya kujiandaa na vikao vya kujiandaa na kikao cha maamuzi, na hapo jamani mtu yeyote aliyewahi kuvaa kitambulisho cha ofisi kubwa, iwe Posta ya Dar au Upper Hill ya Nairobi, hawezi kumbishia.

Ngazi zikiwa nyingi taarifa inapikwa njiani. Developa anasema seva inakufa, bosi wake anapeleka kwamba seva ina changamoto, anayefuata anasema changamoto inafanyiwa kazi, ikifika juu kabisa imeshakuwa mafanikio ya robo mwaka. Na kuna lingine ambalo huku kwetu ndo kubwa zaidi, watu wanapewa umeneja kama nyongeza ya mshahara. Fundi mzuri wa database kafika mwisho wa skeli, hamna namna nyingine ya kumuongezea hela, basi anapewa watu sita awasimamie, hataki, hajui, na ile kazi aliyokuwa anaijua kaiacha. Kampuni imepoteza fundi na kupata bosi mbovu siku hiyo hiyo. Hao wakiondolewa sina cha kulalamika, ingawa aliyewaweka pale bado yupo ofisini kwake AC inampuliza.

Halafu wana mfano wao mkubwa, Jensen Huang, mkuu wa Nvidia, wale wa chipu za akili mnemba, ambaye mwenyewe husema ana watu kama 60 wanaoripoti kwake moja kwa moja na hana utaratibu wa kukaa na mmoja mmoja, anataka taarifa iwafikie wote kwa wakati mmoja. Kampuni yake mnajua ilipofika. Ila msikilize mpaka mwisho, maana huyo huyo anasema watu wanaoripoti kwa mkuu wa kampuni ndo wanaotakiwa kuhitaji kusimamiwa kidogo kuliko wote. Wale 60 ni vigogo. Si kijana wa miezi minane kazini ambaye amekwama tangu asubuhi na hajui aulize leo au asubiri Jumatatu asionekane mjinga.

Sasa hiyo asilimia 15 mimi imenikaa kichwani. Chukua kampuni ya watu 800 yenye meneja mmoja kwa kila watu saba, yaani mameneja 100 na watendaji 700. Ongeza uwiano kwa asilimia 15, saba inakuwa nane na kidogo, na kwa watu wale wale 800 mameneja wanabaki kama 88. Yaani kumi na mbili wamerudi kwenye kibodi na kila aliyebaki kaongezewa mtu mmoja tu, ukiiangalia hivyo unajiuliza kelele za nini. Lakini hii dawa hainywewi mara moja. Irudie mwaka unaofuata unafika tisa na robo, irudie tena umevuka kumi na nusu, na hapo ndo unakumbuka kwamba kwenye tangazo lile lile la 2023 Zuckerberg, mwenye panga mwenyewe, aliandika kwamba kwa kawaida meneja asizidi watu 10 wanaoripoti kwake. Hiyo sentensi huwa hainukuliwi, watu walibeba panga wakaacha kipimo. Na Amazon haikuishia kwenye barua, Oktoba 2025 ilitangaza kupunguza nafasi kama 14,000 za ofisini, na moja ya sababu zilizotajwa ni ile ile, kuondoa ngazi.

Tuipige hesabu kwa masaa maana asilimia hazina jasho. Meneja akae na kila mtu nusu saa kwa wiki, amuulize anaendeleaje, amekwama wapi, nani anamchelewesha. Watu wanane ni masaa manne. Watu 30 ni masaa 15, siku mbili za kazi zinakaribia kuisha na hajafungua barua pepe hata moja. Kwahiyo hafanyi. Anafungua bodi ya tiketi, yaani orodha ya kazi alizopewa kila mtu, anahesabu nani kafunga ngapi, basi ndo tathmini hiyo.

Kuna atakayeniambia Google walikuwa na mameneja wa watu 30 na wakafanikiwa. Ni kweli, wala haikuwa bahati mbaya, walifanya makusudi kwa sababu bosi wa watu 30 hana muda wa kukuingilia kila mstari wa kodi, na kwa mhandisi mzoefu hiyo ni raha kabisa. Lakini mwaka 2013 kampuni nzima ilikuwa na watu kama 37,000 na mameneja kama 5,000, gawanya kijuujuu unapata mmoja kwa saba. Na hao hao Google walishajaribu kuishi bila mameneja wa uhandisi kabisa, mwaka 2002, bado kampuni changa. Jaribio lilikufa baada ya miezi michache, maana watu walikuwa wanaenda moja kwa moja kwa Larry Page, mmoja wa waanzilishi, kumuuliza kuhusu risiti za matumizi na ugomvi wa fulani na fulani. Hebu pata picha, jamaa ana injini ya kutafutia dunia nzima mikononi na mlangoni kwake kuna foleni ya watu wenye risiti.

Miaka kadhaa baadaye, 2009, kitengo chao cha takwimu za wafanyakazi kilianzisha utafiti walioupa jina Project Oxygen, na kinachonifurahisha ni kwamba walianza kwa kujaribu kuthibitisha kuwa meneja hana maana, si unajua mainjinia walivyo. Wakashindwa. Timu zenye mameneja wazuri watu walikuwa hawahami ovyo na walikuwa wanaridhika zaidi na kazi. Walipochambua meneja mzuri anafanya nini walipata mambo manane, la kwanza lilikuwa kuwa kocha mzuri, na ujuzi wa kiufundi ukaja wa nane, mwisho kabisa. Mimi nilikuwa naamini kinyume chake, kwamba bosi asiyeweza kusoma kodi yangu hana cha kuniambia, nimebadilika taratibu na kwa shingo upande.

Ukiondoa bosi pia usidhani ubosi umeondoka. Valve, wale wa magemu, walijulikana kwa kutokuwa na mabosi, kitabu chao cha mfanyakazi kilipovuja 2012 dunia nzima ikakisifia, meza zina matairi unasukuma yako unakokwenda. Mwaka uliofuata Jeri Ellsworth, aliyekuwa amepunguzwa pale, akasema ndani kulikuwa na tabaka la wakubwa waliojificha na maisha yalifanana na ya sekondari. GitHub, wale wanaohifadhi kodi za madevelopa, nao waliishi hivyo wakaja kuweka mameneja 2014, mwaka ambao mfanyakazi mmoja aliondoka akilalamikia unyanyasaji hadharani. Huku kwetu tunalielewa hili kuliko Wamarekani, maana tunamjua chawa. Pasipo na meneja mwenye cheo kuna mshikaji wa mkurugenzi, na mshikaji hana fomu ya malalamiko.

Lakini kinachonifanya niandike ni hiki. Kampuni zile zile zinazopunguza mameneja ndo zinazokaza tathmini. Januari 2025 Meta ilisema itaondoa karibu asilimia 5 ya wafanyakazi wake, wale inaowaona utendaji wao uko chini, na barua zilipotoka Februari baadhi ya walioondolewa walijitokeza wakisema walikuwa likizo ya uzazi au ya ugonjwa, wengine wakasema maksi zao za nyuma zilikuwa nzuri. Sijui mafaili yao na siwezi kumtetea kila mmoja, mzembe yupo kila ofisi. Ila jiulize maksi zinapatikanaje. Kwenye hizi kampuni mameneja wanakaa kikao cha kulinganisha, kila mmoja kaleta watu wake, wewe haupo, wanabishana nani apande nani ashuke. Sauti yako mle ndani ni meneja wako tu. Kama anakujua atasema "huyu tiketi zake chache kwa sababu miezi mitatu alikuwa anahamisha mfumo wa zamani." Kama ana watu 25 atatazama jedwali na kusema "eh, huyu yuko chini kidogo." Unapunguza mashahidi halafu unaongeza kesi, sijui mantiki yake iko wapi.

Nimeliona kwa macho, na si Marekani, hapa hapa Dar. Kampuni siitaji, ya watu kama arobaini, madevelopa 22, ilikuwa na viongozi watatu wa timu. Mkurugenzi alisoma hizi habari akarudi na moto, watatu wakaambiwa warudi kuandika kodi au waondoke, wawili wakaondoka, madevelopa wote wakawa chini ya mkuu wa teknolojia. Miezi ya kwanza raha tupu, vikao vimekufa, maamuzi yanatoka kwenye grupu la WhatsApp ndani ya dakika tano. Nakiri mimi nilikuwa mmoja wa waliofurahi.

Kulikuwa na kijana mkimya, kazi yake ni kulinganisha miamala ya mitandao ya simu na ya mfumo wetu. Hii kazi ikienda vizuri hakuna anayejua kama ipo. Majibu ya mtandao yakichelewa saa nane usiku yeye ndo anaamka, anaangalia, anazuia muamala usiingie mara mbili, anarudi kulala. Bosi wake wa zamani alikuwa anajua maana ndo aliyekuwa anapigiwa, na asubuhi yake alikuwa anamwambia "mdogo wangu njoo saa tano." Ikaja tathmini ya nusu mwaka, mkuu kafungua bodi, wenzake wana tiketi arobaini na kitu, yeye 11. Kapewa daraja la chini. Alipoenda kuuliza akaambiwa "kaka ongeza kasi." Hakubishana, ndo zake, baada ya wiki sita akaleta barua.

Mwisho wa mwezi uliofuata, siku ya mishahara, mtandao mmoja ukachelewa kujibu usiku, mfumo ukatuma tena, ukatuma tena. Asubuhi simu za huduma kwa wateja zimejaa watu waliokatwa mara mbili, mmoja nilimsikia mwenyewe kwenye spika, mama mtu mzima anasema "mwanangu hiyo ilikuwa ada." Ilichukua siku tatu kurudisha hela zote, na ile hati aliyoiacha kijana ikielezea nini cha kufanya ilikuwepo siku zote kwenye folda, hakuna aliyewahi kuifungua.

Wenye panga wana jibu hapa, na si baya, wanasema hilo ni kosa la kutoandika mifumo vizuri, kazi ya usiku ingejiendesha yenyewe msingehitaji mtu wala bosi wa kumjua. Sawa. Siku hizi wanaongeza kwamba akili mnemba itasoma tiketi zote na ujumbe wote na kumpa mkuu muhtasari. Inawezekana. Ila kijana yule hakuwahi kuandika popote kwamba ameamka saa nane, sasa hiyo mashine ingesoma nini? Na kwa vijana wetu wanaofanya kazi za kampuni za nje wakiwa Nairobi au Dar hali ndo ngumu zaidi, maana kule hakuna anayekuona hata koridoni, una mtu mmoja tu anayejua kwamba umeme ulikatika na bado ukamaliza, na huyo ndo wa kwanza kupunguzwa.

Kama miezi saba baadaye ile kampuni ikatangaza nafasi ya "mratibu wa timu." Nilisoma majukumu yake, kukaa na kila developa kila wiki, kuwasilisha maendeleo yao kwa uongozi, kusaidia waliokwama, kupanga zamu za usiku. Mshahara chini ya ule wa zamani. Mmoja wa wale viongozi wawili walioondoka alinitumia lile tangazo na alama moja tu ya kuuliza, nikamjibu na emoji ya kucheka, akaandika "niombe?" Mpaka leo sijamjibu.