Siasa Ilitangulia Uwanjani Kabla ya Goti la Kaepernick

Hoja inayorudiwa zaidi dhidi ya wanamichezo wanaopiga goti wakati wa wimbo wa taifa ni kwamba wanaingiza siasa mahali ambapo watu wamelipa kiingilio ili wapumzike nayo. Ni hoja yenye mvuto, kwani hakuna mpenzi wa michezo asiyeijua raha ya kukaa saa chache bila kukumbushwa uchaguzi wala kodi, na wanaoitoa si lazima wawe maadui wa anayelalamika. Hata hivyo imejengwa juu ya dhana moja ambayo wengi huipokea bila kuichunguza: kwamba kabla ya Agosti 2016, mchezaji Colin Kaepernick alipobaki ameketi kwenye benchi la timu yake, San Francisco 49ers, ilhali wenzake wamesimama, zile dakika mbili za wimbo hazikuwa na siasa yoyote ndani yake.

Kabla ya kuigusa dhana hiyo, inafaa kulikumbuka tendo lenyewe lilivyokuwa, maana limesimuliwa vibaya kwa muda mrefu. Kaepernick hakuanza kwa kupiga goti. Aliketi tu, katika mechi za maandalizi ya msimu wa ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, na waandishi walipomuuliza akajibu kwamba hawezi kusimama kuonyesha fahari kwa bendera ya nchi inayowakandamiza watu weusi, akiwazungumzia waliouawa na polisi. Nate Boyer, askari mstaafu wa kikosi maalumu cha jeshi la nchi kavu aliyewahi pia kujaribu bahati yake katika timu ya Seattle Seahawks, alimwandikia barua ya wazi akieleza jinsi picha ile ilivyomuumiza. Kaepernick hakumpuuza, aliomba wakutane. Katika mazungumzo yao Boyer alipendekeza apige goti kando ya wenzake badala ya kuketi, kwa sababu askari hupiga goti mbele ya kaburi la mwenzao aliyeanguka. Tarehe 1 Septemba 2016, mjini San Diego, Kaepernick na mwenzake Eric Reid walipiga goti, na Boyer akasimama ubavuni mwao, mkono kifuani.

Kwa hiyo ishara iliyokuja kulaaniwa kama tusi kwa wanajeshi ilitokana na ushauri wa mwanajeshi, na iliteuliwa kwa makusudi ili kupunguza maumivu ya wale ambao kuketi kuliwaudhi. Mtu anayekusudia kutukana hamfuati anayemtukana kumuuliza namna ya kumtukana kwa adabu. Sishangai kwamba jambo hili halijulikani sana, kwa kuwa mjadala ulipokwisha kupamba moto hakuna upande uliofaidika kwa kulieleza: wapinzani walihitaji dharau, na baadhi ya waungaji mkono walihitaji uasi.

Upande wa pili nao una haki ya kusikilizwa kwa uzito wake. Familia iliyokabidhiwa bendera iliyokunjwa, ile iliyofunika jeneza la mtoto wao, haiwezi kuitazama bendera ile kama kitambaa cha kuendeshea mjadala. Kwao wimbo ule ni sehemu ya maziko, na anayepiga goti, hata awe na nia njema kiasi gani, anaugusa msiba wao bila idhini. Kuna pia hoja ya ajira, ambayo kisheria ndiyo imara zaidi. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani yanaizuia serikali kunyamazisha watu. Hayamzuii mwajiri binafsi kumtaka mfanyakazi awe na mwenendo fulani akiwa kazini, amevaa sare, mbele ya wateja. Mhudumu wa benki hawezi kuitumia kaunta ya benki kuendeshea kampeni yake, na mchezaji naye, kwa mtazamo huu, yuko kaunta. Sheria ya Marekani kuhusu wimbo wa taifa inasema waliohudhuria wanapaswa kusimama kwa heshima, ingawa haiweki adhabu yoyote kwa asiyefanya hivyo.

Hoja hizi mbili si sawa, na hudhoofika zinapochanganywa. Ya msiba ni ya kweli lakini haiwasemei wanajeshi wote. Alejandro Villanueva wa Pittsburgh Steelers, aliyepigana Afghanistan, alionekana Septemba 2017 akiwa amesimama peke yake kwenye mdomo wa njia ya kuingilia uwanjani mjini Chicago wakati timu yake imebaki ndani wimbo ukipigwa, na mara moja akafanywa shujaa wa wanaopinga magoti. Siku iliyofuata alieleza kwamba hakukusudia kujitenga na wenzake, na kwamba wanaopiga goti hawasemi lolote baya kuhusu jeshi wala bendera, bali wanalalamikia dhuluma iliyomo nchini. Jezi yake iliendelea kununuliwa kwa wingi, bila shaka na watu wengi waliokuwa wameiona picha na hawakuyasikia maneno.

Hoja ya ajira nayo ingekuwa na nguvu zaidi kama mwajiri mwenyewe hangekuwa ameshaifanya dakika ile kuwa biashara, na hapo ndipo inapotubidi kuirudia dhana ya uwanja usio na siasa.

Mwaka 2015 maseneta wawili wa chama cha Republican kutoka Arizona, John McCain na Jeff Flake, walitoa ripoti kuhusu fedha ambazo Wizara ya Ulinzi ilikuwa ikizilipa timu za michezo. McCain alikuwa amekaa zaidi ya miaka mitano katika magereza ya Vietnam kama mateka wa vita, kwa hiyo ni vigumu kumtuhumu kwa kutoijali bendera. Walichokigundua ni kwamba dola milioni 6.8 za walipa kodi zilikuwa zimetumika kununua maonyesho ya uzalendo ambayo watazamaji waliyadhani ni ukarimu wa timu: kukunjua bendera kubwa ya kufunika uwanja, kumtambulisha askari mbele ya halaiki ili ashangiliwe, kumpa mwanajeshi nafasi ya kuimba wimbo wa taifa, hata kuandaa tukio la askari aliyerudi nyumbani kuishtukiza familia yake uwanjani. Kati ya mikataba 122 iliyochunguzwa, 72 ilikuwa na vipengele vya namna hiyo. Mei 2016, NFL ilirudisha zaidi ya dola 700,000. Miezi mitatu baadaye Kaepernick akabaki ameketi.

Dola milioni 6.8 ni kiasi kidogo. Katika bajeti ya ulinzi ya Marekani, inayohesabiwa kwa mamia ya mabilioni, kinaweza kupotea asitokee wa kukiulizia, na wapo wachezaji wanaolipwa zaidi ya hapo kwa msimu mmoja. Mtu anaweza pia kujibu kwamba tangu 1973 jeshi la Marekani ni la kujitolea, kwamba lazima litafute vijana wa kujiunga nalo, na kwamba vijana hao wamo viwanjani. Nalikubali jibu hilo lote. Hata hivyo, ukilikubali, umekubali pia kwamba kilichoonyeshwa kilikuwa tangazo, kwamba tangazo hilo lilipachikwa ndani ya ibada ya taifa bila kutambulishwa kuwa tangazo, na kwamba fedha za umma zilitumika kuuelekeza moyo wa mtazamaji upande fulani. Kama hiyo si siasa, sijui neno hili limebakiwa na kazi gani. Machozi ya mtazamaji yalikuwa ya kweli, na mwanajeshi aliyeshangiliwa alistahili. Aliyekosa uaminifu ni timu iliyopokea hundi na kukaa kimya. Basi tunapouliza ni nani aliyeutumia wimbo wa taifa kwa manufaa yake, mezani tuna wawili: mmoja alilipwa ili dakika ile ipambwe, mwingine aliilipia kwa kazi yake.

Hata kuwapo kwa wachezaji uwanjani wakati wa wimbo si mila ya kale kama inavyodhaniwa. Kabla ya 2009, katika mechi za usiku zilizorushwa na televisheni kwa nchi nzima, wachezaji wa NFL kwa kawaida walikuwa wangali vyumbani wakati wimbo unapigwa, kwa sababu za ratiba ya matangazo tu. Hakuna aliyelia kwamba wanalidharau taifa.

Swali zito zaidi ni kama kusimama kunakolazimishwa kuna maana yoyote. Mwaka 1943, vita vya pili vya dunia vikiwa vimepamba moto, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika shauri la watoto wa Mashahidi wa Yehova wa West Virginia kwamba shule ya serikali haiwezi kumshurutisha mwanafunzi aisalimu bendera. Kama majaji waliweza kulisema hilo wakati vijana wa nchi yao wanakufa Pasifiki na Ulaya, woga wa wamiliki wa timu za karne hii unaonekana mdogo sana. Uamuzi ule hauwabani waajiri binafsi, hilo ni kweli, lakini mantiki yake haiishii mlangoni mwa shule: heshima iliyotolewa kwa hofu haimweleweshi yeyote kilichomo moyoni mwa anayeitoa. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata ubusu, na hawakuwa wakisifu upendo. Wachezaji wa Iran waliponyamaza wakati wa wimbo wao katika mechi dhidi ya Uingereza kwenye Kombe la Dunia la 2022 huko Qatar, nchi yao ikiwa katikati ya maandamano na mauaji, dunia nzima iliwaelewa. Siku nne baadaye, kabla ya mechi na Wales, waliimba. Sidhani kuna mtu aliyewatazama wakiimba akaamini kwamba uzalendo wao ulikuwa umeongezeka kwa siku nne.

Wengine husema tu kwamba walalamike, ila watafute mahali pengine. Kaepernick aliahidi dola milioni moja kwa mashirika ya kijamii na akazimaliza kuzitoa Januari 2018. Ni wangapi kati ya walioijua habari ya goti walioijua na habari hiyo? Mahali pengine palikuwapo na palitumika, ila hapakutazamwa. Adhabu nazo zimekuwa kali kupita tendo, tangu Tommie Smith na John Carlos, wanariadha weusi wa Marekani walioshinda medali katika mbio za mita 200, walipofukuzwa katika michezo ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 kwa kuinua ngumi zilizovikwa glavu, hadi Mahmoud Abdul-Rauf wa timu ya mpira wa kikapu ya Denver Nuggets aliyesimamishwa mechi moja mwaka 1996 kwa kutosimama. Peter Norman, Mwaustralia aliyeshika nafasi ya pili katika mbio zile za mita 200, hakuinua mkono. Alivaa beji tu ya kuwaunga mkono, na ilipofika 2012, miaka sita baada ya kifo chake, bunge la nchi yake likaona linadaiwa kumwomba radhi. Kaepernick hajacheza NFL tangu mwanzo wa 2017. Madai yake kwamba wamiliki walikula njama ya kumnyima kazi yalimalizwa kwa makubaliano Februari 2019, bila mahakama kutamka nani mkweli.

Kuna ukosoaji mmoja, hata hivyo, ambao watetezi wa goti hawajaujibu vizuri. Ni kwamba ishara ilikimeza kilichokuwa kikisemwa. Septemba 2017 Rais Donald Trump aliwatusi wachezaji wanaopiga goti katika mkutano wa hadhara Alabama na kuwataka wamiliki wawafukuze. Jumapili iliyofuata wachezaji zaidi ya 200 wakapiga goti au wakaketi. Picha zilikuwa kubwa, lakini kufikia jioni ile mada haikuwa tena polisi na raia weusi. Ilikuwa Trump dhidi ya NFL, na wengi waliopiga goti siku ile walikuwa wakimjibu rais. Ishara isiyo na maneno ina udhaifu huu daima, kwamba mwenye sauti kubwa zaidi ndiye huishia kuitafsiri, na aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote alikuwa anakaa Ikulu. Ligi nayo ikajibu Mei 2018 kwa kanuni kwamba aliye uwanjani asimame na asiyetaka abaki chumbani, timu itakayokiuka itozwe faini. Chama cha wachezaji kikaipinga, na Julai ikasitishwa. Kanuni yenyewe inafichua mengi, kwa sababu mwenye kuamini kwamba kutosimama ni kulidharau taifa hawezi kuridhika na dharau iliyofungiwa mlango. Kilichokuwa kikilindwa ni picha ya televisheni.

Baada ya George Floyd, mtu mweusi, kuuawa na polisi Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, kamishna wa ligi, Roger Goodell, alikiri katika video kwamba walikosea kutowasikiliza wachezaji mapema. Jina la Kaepernick halikutajwa.

Mwaka huohuo upepo ulipogeuka, mizani ikawaelekea wanaounga mkono goti. Ligi ya mpira wa kikapu iliporejea Florida mwishoni mwa Julai, timu nzima zilipiga goti pamoja, na Jonathan Isaac wa Orlando Magic akabaki amesimama peke yake, akaeleza kwa utulivu kwamba maisha ya watu weusi yana thamani lakini imani yake ya Kikristo inamwelekeza kwenye jibu jingine. Siku mbili baadaye aliumia goti vibaya uwanjani, na wakatokea watu wa kumcheka. Sikubaliani na Isaac kuhusu kilichohitajika mwaka ule, lakini waliomcheka walikuwa wakidai kutoka kwake kitu kilekile ambacho wamiliki wa NFL walikuwa wamekidai kwa wachezaji wao miaka miwili kabla: mwili ukae wanavyotaka wao, moyo uwe popote.