Kukata mfupa kuokoa goti: uzito hauondoki, unahama

Msukuma mkokoteni wa soko la Kongowea, Mombasa, mwenye matege huanza kuumwa goti upande wa ndani. Hata goti lililonyooka, mtu anapotembea, upande huo hupokea takribani asilimia 60 hadi 70 ya uzito. Matege yakizidi, mstari wa uzito kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu husogea ndani zaidi, na gegedu la hapo, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, husagika.

Upasuaji wa kunyoosha mfupa hurekebisha mstari huo. Daktari hukata mfupa wa muundi chini kidogo ya goti kuanzia upande wa ndani, bila kuutenganisha kabisa. Huupanua ufa taratibu, milimita chache tu, kisha hukaza bamba la chuma na skrubu. Mstari huhamia nje kidogo ya katikati. Shabaha inayojulikana sana ni asilimia 62 ya upana wa goti kutoka ukingo wa ndani.

Lakini shinikizo halifuati mstari peke yake. Ufa ukipanuliwa, kano ya upande wa ndani wa goti huvutika, nayo ikikaza huibana mifupa pamoja. Majaribio kwenye magoti ya maiti yameonyesha kuwa shinikizo la upande wa ndani hushuka vizuri pale tu kano hiyo inapolegezwa. Tena mkato huo unaweza kuishusha pia ya goti, kile kifupa cha mbele, na kuiongezea msuguano. Ukinyoosha kupita kiasi, upande wa nje ndio utakaoelemewa.

Wanaopendelea goti bandia husema: mbona uteseke na magongo wiki nyingi, na huenda baada ya miaka 10 au 15 ukahitaji goti bandia vilevile? Kwa mzee wa miaka 70 aliyesagika pande zote, nakubaliana nao kabisa. Kwa mtu wa miaka 45 anayeishi kwa kubeba mizigo, sikubali. Goti bandia huchakaa, kulibadilisha ni kazi nzito, na wengi waliowekewa hupata shida kupiga magoti. Kwa anayesujudu katika swala tano kila siku, hilo si jambo dogo. Ila kama anavuta sigara aache kwanza, maana mfupa wake utachelewa kuunga.

Na asikubali kukatwa kabla ya kupigwa eksirei ya mguu mzima akiwa amesimama. Picha ya goti pekee, mgonjwa akiwa amelala, haionyeshi uzito unapita wapi.