Anayenunua Gari Hakai Nyuma

"Gari ya familia imeshatoka bandarini, njooni muione." Kaka yangu aliutuma ujumbe huo kwenye grupu la ukoo Ijumaa baada ya sala, na ilipofika alasiri pale mbele ya nyumba, Fuoni, Unguja, pameshajaa watu. Toyota Alphard nyeusi, ya watu saba, imepigwa polishi mpaka unajiona uso. Kaka akaanza kutuonesha. Taa. Skrini. Mlango unaofunguka kwa kitufe, ukafunguliwa na kufungwa mpaka watoto wenyewe wakachoka kushangaa. Siti mbili za kati, zile za kifalme, zenye pa kupumzishia miguu. Muda wote huo nasubiri mtu aulize swali lililokuwa likiniwasha ulimi, na hakuna aliyeuliza. Mama anakaa wapi?

Maana siti za kati ni mbili. Mama anaumwa magoti. Wifi yangu ana mtoto mchanga. Shangazi mkubwa hawezi kuinama, na kila safari ya shamba yumo. Nikauliza mimi. Nikajibiwa, "Dada, wewe kila kitu lazima ukitie ila."

Haya, natia ila, na leo nina nafasi.

Kilichonitia hasira zaidi ni kwamba siku hizo hizo binamu yetu aliyeko Leicester alikuwa akitutumia video. Yeye na mkewe wanatafuta motohomu, ile gari ya kulala ndani yenye jiko na choo. Gari yenyewe sikuwa na hamu nayo. Unguja nzima urefu wake ni kama kilomita 85, ukitoka Nungwi asubuhi unafika Makunduchi adhuhuri haijaadhiniwa, na njia nzima una mashangazi watakaokasirika ukipita bila kulala kwao. Gari yenye kitanda ni ya mtu asiye na jamaa. Lakini namna wanavyochagua, hiyo ndiyo niliyoionea wivu. Mkewe alilala kwenye kila kitanda, na viatu kavua. Watoto walikalishwa mezani wote pamoja. Binamu aliingia chooni akafunga mlango kuona viwiko vinagonga wapi. Wakauliza vitanda vingapi, kisha wakauliza mikanda mingapi, kwa sababu kumbe ziko zenye vitanda sita na mikanda minne, yaani mnalala wote lakini hamuwezi kusafiri wote. Wakauliza uzito. Huko Uingereza aliyepasi mtihani wa udereva tangu 1997 leseni yake ya kawaida inaishia gari ya kilo 3,500, kwa hiyo motohomu inaweza kuwa nzuri kila upande na ukishatia maji, watoto na baskeli ikawa imeshapita uzito wa halali.

Na wana kidude cha kupimia unyevu. Wanakigusisha kwenye pembe, kwenye madirisha, kwenye maungio ya ukuta na paa. Motohomu nyingi za zamani ndani ya ukuta zina mbao; maji yakipata upenyo kwenye kiungo, mbao inaoza kimya kimya na huku sofa bado linang'ara. Binamu anasema hata huko wamo wanaonunua kwa sababu ya rangi ya mito, wakalia baadaye. Sawa. Lakini angalau mkewe alilala kwenye kitanda kabla ya pesa kutoka. Wifi yangu hii Alphard aliiona siku moja na sisi.

Sasa nije kwenye siti, ambako ndiko nilikokusudia kukaa.

Hizi gari zetu, Noah, Voxy, Alphard, Serena, Stepwgn, zinakuja kwa mipangilio miwili. Kuna za watu saba, kati siti mbili zilizoachana. Kuna za wanane, kati benchi. Ya saba inapiga picha vizuri, nakubali. Nakubali pia kwamba ile njia ya katikati ina faida yake: mtoto anapita kwenda nyuma bila ya kumuinua mtu, na ya benchi lazima mmoja ashuke au akunje siti. Hapo nimewapa haki yao, msiniombe nyengine.

Kwa sababu zile siti za kati zinakwenda mbele na nyuma juu ya reli, na kila anachojiongezea aliye kati kinatoka kwenye magoti ya aliye nyuma. Na aliye kati ni nani? Mgeni wa heshima, au rafiki yake kaka aliyeomba lifti. Ananyoosha miguu, anaegemeza siti, anasinzia kabla hatujafika Tunguu. Nyuma yake yuko wifi na mtoto kifuani, magoti yamemfika kidevuni, na kwa adabu zetu hawezi kumgusa bega mgeni akamwambia bwana ee, sogea.

Halafu siti yenyewe ya nyuma. Kwenye nyingi imetengenezwa ikunjwe itundikwe ubavuni, kwa hiyo godoro lake jembamba na imekaa chini, karibu na sakafu. Mtoto wa skuli ya msingi hatoona tatizo. Mtu mzima anakaa kama yuko kwenye kibao cha mbuzi. Mpandishe huko mama wa miaka 60 aliyevaa buibui, umpitishe baina ya siti mbili huku kainama, kisha mkifika msibani mumtoe kwa njia hiyo hiyo mbele za watu. Mimi sijawahi kumuona mwenye gari kakaa huko hata kwa masihara. Ananunua, anaendesha, anashuka, anasifiwa. Wanaokaa nyuma ni wanawake, watoto na msaidizi wa nyumbani, na hao siku ya kununua hawaitwi.

Bado mizigo. Siti za nyuma zikiwa zimekaliwa, kilichobaki kwenye buti la Noah au Alphard ni ufito. Begi moja la mtoto na mkeka, basi. Na sisi lini tuliwahi kusafiri na begi moja? Sherehe ya Mwaka Kogwa mnakwenda Makunduchi na sufuria la pilau, chupa za chai, maji, nguo za kubadilisha. Kurudi mna ndizi, mihogo na polo la nazi ambalo mjomba amelitia kwa nguvu na kulikataa ni matusi. Vyote hivyo vinaishia miguuni. Miguuni kwa nani? Kwa yule yule. Nimewahi kutoka shamba mpaka mjini na sufuria lenye moto baina ya nyayo zangu, na mbele nasikia mtu anasifu jinsi gari ilivyo tulivu. Ni tulivu kweli. Mbele.

Wa Pemba wataniambia wao wakikunja siti wanapata nafasi ya kupakia karafuu. Zinakunjika wapi? Kwenye Noah na Alphard zinanyanyuliwa zikaning'inia ubavuni, moja huku moja huku, na upana wa buti unaliwa pande zote mbili. Polo mbili zinakaa, la tatu mnagombana nalo. Kigari kilicholifikiria vizuri jambo hili ni Sienta ile ya kwanza, ya 2003, ambayo siti zake za nyuma zinazama chini ya zile za kati na sakafu inabaki tambarare. Injini yake ni ya cc 1,500 tu na inauzwa kwa bei ya binadamu. Lakini ina sura ya chura, na mwanamume wa kwetu hawezi kuonekana Darajani ndani ya chura. Siti zake za nyuma ni za watoto, hilo silifichi. Basi angalau haijitii ukubwa.

Ukiwa na watu wengi kweli, watakwambia chukua Hiace. Mimi mwenyewe naipenda: paa juu, mtu anapanda bila ya kupiga sijda, sakafu pana. Injini iko chini ya siti za mbele kwa hiyo joto analipata dereva, jambo ambalo sina ugomvi nalo. Lakini angalieni mnanunua ipi. Super GL, ile nzuri ya mwili mpya ulioanza 2004, huko Japani ni gari ya mzigo yenye siti tano. Ikifika kwetu inapelekwa kwa fundi, anaunga vyuma, anafunga mabenchi, anayashonea na kitambaa cha kupendeza, na tayari ni gari ya watu kumi na zaidi. Siti ya kiwandani imefungwa kwenye sehemu ya sakafu iliyoimarishwa kwa kazi hiyo, na mkanda una pahala pake pa kushika. Benchi la gereji limefungwa kwa nati zilizopitishwa kwenye bati jembamba lililotobolewa. Siku gari ikigonga, bati linachanika, benchi linakwenda mbele pamoja na kila aliyelikalia. Hapa sitanii na sina kejeli. Mnapakia humo watoto wa ndugu zenu. Ingieni chini ya gari muangalie nati zimeshika nini.

Mlango wa umeme: furaha ya miaka miwili, baadaye waya unakatika, mchanga unaingia kwenye reli, na mnamlipa fundi aurejeshe kuwa wa mkono. Mlango wa pande zote mbili: unafaa kwenye vichochoro, lakini tieni ile kufuli ya watoto upande wa kulia, kwa sababu huko ndiko gari zinakopita. Noah za zamani zilikuwa na mlango mmoja tu, kushoto, na nyumba yetu hakuna mtoto aliyewahi kushukia barabarani.

Kiyoyozi kinajaribiwa ukiwa umekaa nyuma, saa saba mchana, madirisha yamefungwa. Cha mbele kila gari kinapoza.

Na hayo yote ni bure kama bodi imeoza. Sisi tunaishi ndani ya chumvi. Upepo una chumvi, mchanga una chumvi, na wako vijana wanaoteremsha gari ya baba yao ufukweni Paje maji yakitoka, wapige picha. Ile njia ya kisiwa cha Uzi, iliyokuwa ya kusubiri maji yakauke, ilizika gari ngapi? Kutu haianzi pale unapopapiga polishi. Inaanza kwenye reli ya mlango, nyuma ya tairi za nyuma, kwenye vizingiti vyenye vitundu vya kutolea maji vilivyozibwa na matope, na chini ya zulia. Nyanyua zulia. Muuzaji akikuzuia, umeshapata jibu. Chukua sumaku ya friji uitembeze ubavuni. Pale isiposhika, chini ya rangi kuna puti ya kuzibia. Ukiona chini kumepakwa lami nyeusi mpya inayong'aa, uliza ilipakwa lini na juu ya nini, kwa sababu lami juu ya kutu inafungia unyevu ndani na kazi inaendelea gizani.

Mnaoagiza wenyewe Japani msiishie kwenye picha. Ombeni karatasi ya mnada. Ina mchoro wa gari na herufi juu yake: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni pahala palipotengenezwa, S ni kutu, C ni kutu iliyoshakula. Gredi ikiandikwa R, gari iligongwa ikatengenezwa. Na ulizeni imetoka mkoa gani. Hokkaido na kaskazini ya Honshu theluji ikianguka barabara zinamwagiwa chumvi ili iyayuke, kwa hiyo gari ya huko imeshakula chumvi yake kabla ya kuja kula yetu. Kaka karatasi hiyo alikuwa nayo, kwenye simu. Nikamuuliza ile S karibu na mlango wa nyuma ni nini. Akasema labda ni saizi.

Ningekuwa mimi, ningekwenda yadi na ukoo mzima siku moja, Mama akiwa wa kwanza. Anapanda, anakaa nyuma kabisa, mlango unafungwa, gari inazungushwa mpaka Amani na kurudi. Tunapakia na sufuria, tupu, tuone linakaa wapi. Muuzaji akicheka na acheke, pesa ziko kwetu. Kama hakuna gari inayotutosha sote basi tunajua mapema, tunachukua ndogo iliyo nzima na siku ya harusi tunakodi, kuliko kubwa inayowatosha wanne kwa raha na watatu kwa subira.

Na nyinyi mnaotangaza gari mitandaoni, tumeziona pua za Alphard, zinatosha. Pigeni picha ya siti ya nyuma kabisa na mtu mzima kaikalia, mwenye miguu, huku ile ya kati nayo ina mtu. Pigeni ya sakafu, zulia limenyanyuliwa. Bei iandikeni hapo hapo chini ya picha, habari ya "njoo inboksi" tumeshachoka nayo.