Wentworth wameacha, Royal Nairobi wanaendelea

Mara tatu kwa wiki napita nje ya Wentworth, klabu ya gofu hapa Surrey, Uingereza, nikienda kazini. Mzee ninayemhudumia ana kijitabu cha ratiba ya mashindano ya hapo ya mwaka 1965, anakiweka droo moja na dawa zake. Kando ya jina la Gary Player ameandika 7 kwa penseli, akaizungushia duara.

Ilikuwa nusu fainali ya World Match Play, mashimo 36 kwa siku moja. Baada ya shimo la 19, Player wa Afrika Kusini alikuwa nyuma ya Tony Lema kwa mashimo 7. Mchezo huo haujumlishi mikwaju. Ni mtu na mtu, shimo kwa shimo; upoteze kwa mkwaju mmoja au mitano, umepoteza shimo moja tu. Player akaanza kuyarudisha moja moja, akasawazisha kwenye shimo la 36 na kumaliza kazi kwenye la 37, la nyongeza. Kisha akabeba kombe.

Mashindano hayo yalianzishwa na wakala wa wachezaji Mark McCormack mwaka 1964. Baadaye Seve Ballesteros aliyatwaa mara 5, Ernie Els mara 7. Wakenya tuna sehemu yetu hapo: Ballesteros alishinda Kenya Open mwaka 1978, kabla hajatwaa kombe lolote la Wentworth. Ian Woosnam alishinda kwetu 1986, mwaka uliofuata akashinda huku.

Leo hayapo. Els alishinda ya mwisho ya Wentworth mwaka 2007. Yakahamia Uhispania, mwaka mwingine yakarukwa, yakapelekwa Bulgaria, yakarudi Uingereza mwaka 2014 na kuishia hapo. Kwa maoni yangu, pesa ndizo zilizoyalea na ndizo zilizoyachosha. Mdhamini anataka nyota wake waonekane kwenye televisheni hadi Jumapili, na mchezo wa ana kwa ana unaweza kumtoa nyota siku ya kwanza. Tangu 1999 kulikuwa pia na mashindano mengine makubwa ya aina hiyohiyo, yakigombea wachezaji walewale.

Nilipoondoka Nairobi niliamini vitu vya Ulaya hudumu na vyetu ndivyo hufa. Hapa nimejifunza kinyume, angalau kwa jambo hili. Kila Pasaka pale klabu ya Royal Nairobi, timu za vilabu hukutana kugombea Tannahill Shield, na ni mchezo huuhuu, mtu na mwenzake, shimo kwa shimo. Hakuna milioni ya pauni pale. Mtu anachezea klabu yake, na akishindwa anarudi mwakani. Najua gofu kwetu bado ni ghali na walio wengi huiona kupitia ua. Hilo linaniuma. Lakini ngao ile imewazidi umri matajiri wa Wentworth, na sioni magazeti yetu yakiipa hata nusu ya nafasi wanayoipa ligi ya Uingereza.

Pasaka iliyopita baba mdogo, aliyebeba mifuko ya gofu miaka mingi, alinipigia simu akiwa pale, kelele za watu nyuma yake. Nikamwekea mzee sauti. Haelewi Kiswahili, lakini alipozima redio yake nilijua anasikiliza. Akaniuliza wako shimo la ngapi.