Mbunge akiuliza "ni lini", Waziri hujibu "fedha zikipatikana"

Mkazi wa Dar es Salaam anayefuatilia kikao cha asubuhi cha Bunge, hata kwa sikio moja, anaweza kulimalizia jibu kabla Naibu Waziri hajafika mwisho. Mbunge anauliza ni lini Serikali itajenga barabara fulani kwa kiwango cha lami. Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo, usanifu wa kina unaendelea, na ujenzi utaanza kadiri fedha zitakapopatikana. Spika anaruhusu la nyongeza, Mbunge anamwomba Waziri waongozane hadi jimboni, na swali linalofuata linaitwa.

Wapo wanaosema kipindi hiki cha maswali kwa mawaziri ni maonyesho ya kuwaridhisha wapiga kura. Wapo wanaokitetea, kwamba ndipo mbunge asiye na cheo chochote anapoweza kumwinua Waziri kitini, haki anayopewa na Ibara ya 63 ya Katiba. Wote wana hoja. Lakini lawama nyingi zinaangukia majibu, wakati maswali yenyewe yamelegea.

Utetezi wa mawaziri haupewi nafasi ya kutosha, kwa hiyo tuanze nao. Bajeti inapopitishwa mwezi Juni, kinachopatikana ni idhini ya kutumia. Fedha taslimu ni habari nyingine. Hazina hutoa fedha kulingana na makusanyo ya kodi ya TRA na mikopo iliyokwisha kuingia. Deni lililoiva na mishahara havisubiri, na miradi ya maendeleo ndiyo inayopigwa kalenda. Bajeti ya 2025/26 ilikuwa Sh56.49 trilioni, ila hakuna siku hata moja ambayo kiasi hicho kilikaa kwenye akaunti kikisubiri kugawiwa mafungu. Waziri wa Ujenzi anaposema hana tarehe, mara nyingi hadanganyi. Tarehe iko kwa mwenzake wa Fedha, na huyo naye anaangalia makusanyo ya mwezi.

Kisha kuna mgawanyo wa kazi. Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, ya Mbagala ni mfano mzuri kuliko yote hapa jijini. Barabara ya awamu ya pili, karibu kilomita 20, ilijengwa chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu ulio Wizara ya Ujenzi, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Huduma inasimamiwa na DART, wakala ulio chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na serikali za mitaa. Mabasi yalitakiwa kuletwa na mtoa huduma binafsi. Matokeo yake njia zilikaa tayari, vituo vimeezekwa, na abiria wa Rangi Tatu wakaendelea kugombania daladala. Ungemuuliza wakati huo Waziri wa Ujenzi, angekwambia kwa ukweli kabisa kwamba kazi yake imekwisha au inakaribia. Ungemuuliza wa TAMISEMI, taratibu za kumpata mtoa huduma zilikuwa zinaendelea. Hakuna ambaye angesema uongo, na basi halikuwepo.

Hapo "ni lini" haikusaidia kitu, kwa sababu iliomba ahadi kwa mtu asiyeshika funguo zote. Swali lenye meno lingeelekezwa TAMISEMI na kuulizwa hivi: mkataba wa mtoa huduma ulisainiwa tarehe gani, unataka mabasi mangapi kufikia tarehe ipi, na fidia ya ucheleweshaji iliyomo kwenye mkataba imetozwa kiasi gani? Kama mkataba ulikuwa haujasainiwa, jibu hilo peke yake lingekuwa habari.

Ndiyo maana utetezi wa "fedha zikipatikana" una mpaka. Tarehe ya kesho Waziri anaweza asiijue, lakini kuna takwimu nne hawezi kusema hana: kiasi kilichoidhinishwa na Bunge, kilichotolewa na Hazina, kilichotumika, na madai ya wakandarasi yaliyokwisha kuhakikiwa lakini hayajalipwa. Hii ya nne ndiyo inayokwepwa sana, na ndiyo inayouma, maana mkandarasi anayecheleweshewa malipo hudai riba kwa mujibu wa mkataba. Mlipa kodi anaishia kulipia barabara pamoja na ucheleweshaji wake.

Chukua tozo ya mafuta. Mwaka 2021 Bunge liliidhinisha nyongeza ya Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara zinazohudumiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kuuliza TARURA itaongezewa lini fedha ni kumpa Waziri mto wa kulalia. Uliza nyongeza ile imekusanya kiasi gani kila robo mwaka, kiasi gani kimefika TARURA, na wilaya tano za Dar es Salaam zilipata ngapi kila moja. Hata likijibiwa kwa maandishi, halijapotea: jedwali lenye mistari kumi lina faida kuliko dakika tatu za "tunatambua umuhimu". Tena swali la msingi likiwa jembamba, maswali ya nyongeza hayana pa kukimbilia. Jibu la msingi limeandaliwa na wataalamu wizarani. La nyongeza Waziri analijibu kwa anachokijua, labda na kikaratasi kinachopenyezwa kutoka nyuma.

Wauliza maswali nao wana makosa yao. Wanachanganya fedha zilizoidhinishwa na zilizotolewa. Wanabeba hoja ya ukaguzi kuhusu malipo yasiyo na nyaraka na kuiita wizi, Waziri anakanusha neno moja, na hoja nzima inazama. Mjadala wa Sh1.5 trilioni wa mwaka 2018 unafundisha pande zote mbili. Zitto Kabwe, wakati huo Mbunge wa Kigoma Mjini, alichukua ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ya 2016/17, akatoa matumizi kwenye mapato, akauliza tofauti iko wapi. Serikali ililazimika kujibu kwa hesabu: kwamba ndani yake kulikuwa na mapato tarajiwa ambayo hayakuwa fedha taslimu, makusanyo ya Zanzibar na hatifungani zilizoiva. Wengi hawakuridhika. Hata hivyo, angalau safari hiyo ubishi ulikuwa juu ya mistari ya jedwali, na "mchakato" haukutajwa.

Silaha nzito zaidi ni kushika shilingi. Katika Kamati ya Matumizi, Bunge linapopitia bajeti ya wizara fungu kwa fungu, Mbunge anatoa hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye mshahara wa Waziri ili suala lake lijadiliwe. Kwa kawaida wenzake wanachangia, Waziri anaahidi, na shilingi inarudishwa. Ukomo wake unajulikana: muda ukiisha gilotini inashuka na mafungu yaliyobaki yanapita bila mjadala. Juu ya hapo, Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali, na sijaona mbunge mwenye hamu ya kurudi kwenye kampeni kabla ya wakati. Wanaowalaumu wabunge kwa woga wakumbuke kifungu hicho. Wanaowatetea nao wakumbuke kwamba kurudisha shilingi bila kupewa takwimu wala tarehe ni uamuzi wa Mbunge mwenyewe, Katiba haimlazimishi.

Kuchelewa ni tatizo jingine. Ripoti ya CAG ya mwaka 2021/22 ilijadiliwa bungeni Novemba 2023, miezi 16 baada ya mwaka huo wa fedha kufungwa. Maofisa wanakuwa wamehamishwa, na bajeti nyingine imeshapita. Hapo ndipo mitaa inapolitangulia Bunge. Tozo za miamala ya simu, zilizopitishwa mwaka 2021, zilianza kupunguzwa miezi miwili tu baada ya kuanza, kelele zikiwa za watumiaji. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, na Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Ni haki yao, ila duka lililofungwa haliachi jedwali la kurejea mwaka unaofuata. Swali linabaki kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge.

Mbunge anayetaka takwimu zinazoweza kubadili kitu asisubiri mkutano wa bajeti wa Aprili. Mkutano wa Januari na Februari unakuja nusu ya mwaka wa fedha ikiwa imepita, Hazina inajua imetoa kiasi gani kwa kila fungu, na bado kuna miezi mitano ya kurekebisha kabla ya Juni 30.